Mkulima wa Vietnam Kutoka Fizi

Kabla hamjaanza kunicheka, vijana wangu, niacheni nimalize sentensi moja. Mimi mzee wenu Elia, mzaliwa wa Fizi, mzee wa kanisa, nilistaafu hapa Sweden nikiwa mkulima wa Vietnam. Haya, sasa chekeni.

Mliniuliza Jumapili baada ya ibada pale Hallunda, vikombe vya chai mikononi, nilifanya kazi gani miaka yote ile. Mmoja wenu, ambaye ni mjukuu wangu na kwa hiyo sitamtaja, akanijibia kwa Kiswidi kwamba babu alikuwa akivaa kofia ya Kichina na kukamata samaki kwa mikono. Kuhusu samaki alisema kweli. Kuhusu kofia, Bibi, yule mzee wa shambani nitakayewasimulia, angemsikia angemchapa vidole kwa kijiti chake cha kupandia, kama alivyonichapa mimi.

Nianze na ofisi ya kazi, maana kila mgeni wa nchi hii ameanzia huko. Mama mmoja mpole aliniuliza nina uzoefu gani. Nikamwambia nimelima muhogo na mahindi, nimevua ziwani Tanganyika tangu utoto, na nimesoma chuo cha Biblia. Akaniangalia kwa huruma kama mtu anayemtazama mgonjwa, akasema mambo hayo ni mazuri, lakini hapa Stockholm hayana soko. Nikafagia ngazi za maghorofa miaka kadhaa, namshukuru Mungu kwa kila ngazi, kwa sababu zilitulisha.

Kumbe soko lilikuwepo. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa akiosha vyombo kwenye mgahawa wa mama mmoja Mvietnam, jina lake Mama Hoa. Huyu alifika Sweden akiwa msichana, baada ya kukimbia kwao kwa mashua pamoja na mama yake. Siku moja alirudi Vietnam kusalimia ndugu, akakuta jambo la ajabu: wazungu wanapanda ndege, wanafika kijijini, wanavishwa kofia za majani zenye ncha, wanatwishwa ndoo za kumwagilia, wanatumbukizwa kwenye tope kushika samaki, na jioni wanalipa na kusema asante. Siku moja tu ya kuwa mkulima. Mama Hoa akafikiri: tope lipo hata hapa kwetu Botkyrka, kwa nini hawa watu wasumbuke kupanda ndege?

Akakodi shamba lenye bwawa huko Grödinge, mbele kidogo ya mahali basi linapochoka kwenda. Akamwambia Mama Neema anatafuta mwanamume mvumilivu. Mke wangu akanitoa sadaka.

Mahojiano yetu yalikuwa mafupi. Wote wawili tulizungumza Kiswidi cha kuungaunga.

"Unajua kupanda?"

"Najua."

"Unajua kuvua?"

"Nimezaliwa ziwani, Mama."

"Unajua Vietnam?"

"Hapana. Sijui kitu."

"Haidhuru. Na wao hawajui."

Basi nikavishwa kofia. Fikirini jambo hilo taratibu. Nilikimbia vita nikaacha jembe mlangoni, nikakaa kambini, nikavuka nusu ya dunia, nikafundishwa Kiswidi na walimu wanne tofauti, halafu mwisho wa yote nikakabidhiwa jembe. Mungu ana ucheshi, na mimi nimekuwa mahali pake pa kufanyia mazoezi.

Lakini kulikuwa na jambo moja lisilokuwa mchezo, nalo ndilo linalonifanya niwaandikie. Ni Bibi.

Bibi alikuwa mama yake Mama Hoa. Mdogo wa mwili, meno machache, amri nyingi. Alikuwa amekaa miaka mingi kwenye ghorofa huko Alby akiangalia maegesho ya magari kupitia dirishani. Halafu akaacha kula. Madaktari walimpima kila kiungo, wakasema hana ugonjwa. Mama Hoa aliniambia, "Papa Elia, hana ugonjwa, ana sakafu. Amechoka kukanyaga sakafu." Siku alipofikishwa shambani alivua viatu, akakanyaga udongo, akachuma jani la mchicha akalitafuna pale pale. Jioni akaomba wali. Tangu hapo alikuwa akikauka kila Novemba udongo unapoganda, na kuchipuka kila Aprili. Shamba lilikuwa dawa yake, na watalii ndio waliokuwa wakiilipia dawa hiyo bila kujua.

Hata ule ugumu wa majira ya baridi aliujulia njia. Miche yote ilianzia ghorofani kwao, Februari, kwenye trei za mayai dirishani, juu ya mashine ya joto. Mkitaka kulima nchi hii, sikilizeni: kalenda ya kupanda haiko nje, iko dirishani kwako. Anayesubiri theluji iishe ndipo apande, atavuna theluji nyingine. Halafu miche ikishapata nguvu usiitoe nje siku moja kama mtu anayefukuzwa nyumbani. Mchana kidogo, usiku ndani, juma zima, mpaka izoee upepo. Nami pia nilipofika Sweden ningependa mtu angenifanyia hivyo.

Bibi na mimi hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja. Alinifundisha kwa kijiti. Ukipanda kina kirefu, kijiti kwenye vidole. Ukimwagilia jua likiwa kali, kijiti. Mwaka wa kwanza nilipalilia tuta zima kwa bidii ya Kikristo, nikang'oa majani fulani yenye harufu ya samaki mbichi, nikidhani ni magugu tu, maana ni mmea gani wa heshima unanuka hivyo? Kumbe ndiyo mboga aliyoipenda kuliko zote. Hakunichapa siku hiyo. Aliketi kwenye tuta akaniangalia tu, na nikaomba nichapwe.

Watalii walikuja Jumamosi, majira ya joto, kwa basi dogo. Wengi walikuwa watu wa ofisini kutoka mjini, na wengine kutoka Upplands Väsby, upande wa pili wa jiji, wametumwa na wakubwa wao wajifunze kushirikiana. Tuliwapa mzega, ule mti wa begani wenye ndoo ya maji kila upande. Siri ya mzega ni kulegeza magoti, hatua fupi za harakaharaka, ndoo zicheze pamoja nawe. Wao walitembea kama wanajeshi, na maji yote yakaishia kwenye viatu. Walifurahi sana. Sijawahi kuona watu wanaofurahia kazi mbaya kama hawa. Kwetu Fizi ukimwaga maji namna hiyo unatumwa kuyachota upya.

Tatizo lilikuwa nyati. Mama Hoa alikuwa ametengeneza tangazo zuri lenye picha ya nyati wa Vietnam, na watu walipofika walimtafuta nyati. Tukaazima ng'ombe wa mwenye shamba, ng'ombe wa manyoya marefu mpaka machoni, jina lake Rosa. Mwalimu mmoja wa shule alimwangalia muda mrefu.

"Huyu ni nyati wa Vietnam?"

"Ni wa milimani," akajibu Mama Hoa. "Kule juu kuna baridi."

Yule mwalimu akapiga picha nyingi.

Sasa tufike bwawani. Bwawa letu lilikuwa na ruda, kama Waswidi wanavyowaita, samaki wanene wa rangi ya shaba kuukuu, wanaopenda tope kuliko hata watalii. Tuliwavua kwa tenga la mianzi, jembamba juu, pana chini, lisilo na kitako. Unaingia majini hadi mapajani, unakanyaga polepole ili maji yachafuke, halafu unalibamiza tenga chini. Usitazame, sikiliza kwa mikono. Samaki akiwa ndani atagonga ubavuni mwa tenga kama mgeni mlangoni. Ndipo unaingiza mkono kwa juu, unamtafuta kichwa, si mkia, unamlaza kwenye tope, unamwinua kwa mikono miwili. Anayeshika mkia anaondoka na makamasi tu.

Lakini mimi nimetoka mahali ambapo nyavu haziingii ziwani kabla mtu hajaomba. Baba yangu alifanya hivyo, na wavuvi wote niliowajua, hata wale walevi. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza, watu wakiwa wamejipanga ukingoni na matenga yao, nilivua ile kofia ya ncha, nikaiweka kifuani, nikafumba macho, nikaomba kwa Kiswahili. Nilipofumbua macho nilikuta kundi zima limevua kofia, limeziweka kifuani, na limefumba macho. Mama mmoja alikuwa akifuta machozi.

Yule mwalimu wa nyati akamnong'oneza Mama Hoa, "Sherehe hii ni ya zamani?"

"Ya zamani sana," akasema Mama Hoa.

Na si uongo. Sala ni ya zamani.

Nilipomsimulia Mama Neema jioni, alishika kiuno akacheka. "Papa Elia! Umekuwa ngoma ya watalii?"

"Mke wangu, hakutikisika hata mmoja. Kanisani kwetu watu wanaangalia simu wakati wa maombi."

"Wanadhani ni ya mizimu ya Vietnam."

"Mungu anajua anaitwa nani."

Nililiwaza jambo hilo juma zima, na dhamiri haikunisumbua. Ningewaambia Waswidi wale, "Tuombe," nusu yao wangekumbuka kwamba wana simu ya kupiga. Lakini walipodhani ni desturi ya wakulima wa mbali, walisimama kimya kama mitume. Juma lililofuata tangazo la Mama Hoa liliongezwa mstari kuhusu sherehe ya bwawani. Watu wakaanza kuja kwa ajili hiyo. Kama sala ilikuwa fupi, walisikitika.

Basi nikazirefusha. Na kwa kuwa hakuna aliyeelewa, nikaziombea shida zao zile zilizoonekana kwa macho. "Bwana, umwangalie huyu baba wa kofia nyekundu, amenuniana na mkewe tangu wateremke kwenye basi. Bwana, mpe unyenyekevu huyu meneja anayewafokea wenzake, na ikikupendeza, ateleze." Mara nyingine alikuwa akiteleza. Sitaki mseme kwamba ni mimi.

Mwenye shamba aliitwa Göran. Mzee mrefu, kimya, mwenye kofia ya kitambaa ambayo nadhani alizaliwa nayo. Hakutukodishia shamba kwa mkataba mkubwa. Kila vuli alikuja, akatazama, akampa Mama Hoa mkono, na mwaka mwingine ukaanza. Mwaka ninaowasimulia alikuja mapema, Agosti, akabaki ameweka mikono mfukoni. Alisema kuna watu wa farasi. Watu wa mjini wenye farasi wanatafuta malisho, na kwao ni rahisi, farasi hawachimbi. Sisi, akasema, hajui kama tunalima au tunaigiza. Atakuja Jumamosi ajionee, kisha ataamua.

Mama Hoa alimtafsiria mama yake. Bibi alirudi kwenye tuta lake akaendelea kupalilia, lakini aling'oa polepole, akilaza kila gugu chini kwa upole kana kwamba analiaga. Chakula cha mchana hakugusa. Kesho yake pia. Mama Hoa alinikuta nyuma ya banda la plastiki, macho mekundu.

"Papa Elia, akirudi kukaa ghorofani mwaka mzima, hatuvuki naye baridi hii."

"Najua."

"Jumamosi fanya kila kitu vizuri. Na ile sala iwe fupi. Göran hapendi maneno."

"Jumamosi itakuwa ndefu," nikamwambia.

Göran alifika na dada yake, mama mzee mwembamba mwenye fimbo, ambaye aliomba kiti na akapewa kreti la mboga lililogeuzwa. Göran alibeba mzega, na kwa kweli alitembea kwa kulegeza magoti bila kufundishwa. Alimtazama ng'ombe wake Rosa akipigwa picha kama nyati. Halafu tukafika ukingoni. Watalii wakavua kofia kabla yangu, maana walishasoma tangazo. Göran naye akavua yake, na ndipo nikajua ana upara.

Niliomba kwa moyo wote. Nilisema, "Bwana, asante kwa maji haya, asante kwa tope. Bariki mikono hii laini. Bwana, yuko hapa ndugu Göran. Ni mtu mwema, lakini moyo wake umeganda kama udongo wa Januari. Farasi wana mahali pengi pa kula, Bwana. Bibi ana hapa tu. Ukimwondoa hapa unamchukua mikononi mwetu. Mfungue Göran. Na ukiona hafunguki, Bwana, mguse kidogo kiunoni, ila usimuumize sana. Amina."

"Amina," wakaitikia watu, kama tangazo lilivyoelekeza. Kutoka kwenye kreti ilitoka "amina" moja tulivu zaidi, lakini sikuijali.

Göran akachukua tenga, akaingia majini. Akachafua maji, akabamiza. Nilisikia samaki akigonga. Göran akainama, akaingiza mkono, na hapo hapo akasema neno la Kiswidi ambalo halimo kwenye vitabu vya shule. Hakuinuka. Mkono ndani ya tenga, uso karibu na maji, kiuno kimemkamata.

Vijana wangu, mimi nimeona maombi yakijibiwa, lakini huwa kuna nafasi ya kupumua katikati. Mama Hoa alifunika mdomo. Watalii waliangalia wakisubiri kuelezwa.

Kisha kicheko kikaanza kutoka kwenye kreti. Yule dada yake Göran alicheka mpaka fimbo ikamwanguka, machozi yakamtiririka, na alipopata pumzi akanielekezea kidole, akasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha kwetu kabisa, kile cha kando ya ziwa:

"Papa, uliomba aguswe kidogo. Hii ndiyo kidogo?"

Nilitamani tope linimeze. Mwalimu mmoja nyuma yangu akasema kwa mshangao, "Yule mama anajua Kivietnam!"

"Mama," nikasema, "Kiswahili umekitoa wapi?"

"Nilikuwa mkunga kwa wamisionari, Uvira, tangu usichana mpaka mvi. Wewe unatoka Fizi, sivyo? Nilijua ulipoanza kuomba. Watu wa Fizi mnampa Mungu maelekezo kama fundi."

Göran, bado ameinama, akafoka, "Birgitta! Mnasema nini?"

"Subiri," akamjibu, "nakutafsiria."

Lakini kabla hajatafsiri, Bibi alishaingia majini. Hakuna aliyemwita. Alikwenda na suruali yake na vyote, maji yakimfikia kiunoni, akafika kwa Göran, akampandisha shati mgongoni mbele ya watu wote. Akatoa mfukoni kile kichupa chake cha mafuta ya kijani, makali ambayo ukiyanusa macho yanafunguka hata kama umelala, akamsugua huku akimgombeza kwa Kivietnam bila kupumzika. Akamkandamiza kwa kiwiko mahali fulani. Göran akapiga kelele, akainuka wima. Mkono wake ulitoka na ruda mnene, akiwa ameshikwa kichwani, sawasawa.

Watalii wakapiga makofi. Walidhani imo kwenye ratiba.

Ukingoni Birgitta alimtafsiria ndugu yake sala yote, hakuacha kitu, hata ile Januari. Niliangalia viatu vyangu. Göran alimsikiliza hadi mwisho. Akamtazama Bibi, aliyekuwa akikamua suruali yake na bado anagombeza. Akatazama samaki.

"Nitafikiri," akasema, akaondoka na ng'ombe wake.

Juma hilo lilikuwa refu. Bibi hakula ila supu, na supu yenyewe kwa kulazimishwa. Mama Hoa hakuniambia neno la lawama, na hilo lilikuwa zito kuliko kijiti. Niliomba, lakini safari hii bila maelekezo. Nilisema tu, "Bwana, wewe unaona," nikanyamaza.

Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta Göran shambani kabla yangu. Trekta lake lilikuwa limejaa nguzo nene na wavu mrefu, ule wa kuzuia paa wa porini, wale waliokuwa wakila mboga zetu kila mwaka. Alikwisha simamisha nguzo upande mzima. Nguzo hizo, kama hamjui, huzikwa kina kirefu, na mtu hajengi uzio wa aina hiyo kwa ajili ya farasi, wala kwa ajili ya mwaka mmoja.

Nikamsalimu. Akanipa nyundo.

Tulifanya kazi mpaka jua likapanda. Bibi alifika na binti yake, akasimama, akatikisa nguzo moja kwa mikono yote miwili kuona kama imekaa. Ilikuwa imekaa. Akafungua mfuko wake, akatoa wali alioufunga kwa majani, akala akiwa amesimama pale pale, akamkatia Göran kipande.

Göran akatafuna. Halafu akaniambia, "Mwambie huyo Mungu wako wa Vietnam, sasa anaweza kuuacha mgongo wangu."

"Nitamwambia."

"Kwa Kiswahili," akasema. "Birgitta ataniambia kama umesema kweli."

Bibi alipata majira mengine ya joto baada ya hapo, si machache. Alifariki mwezi wa Machi, miche ikiwa dirishani, na tuliitoa nje sisi wenyewe, mchana kidogo, usiku ndani, kama alivyotaka. Mimi nikafikisha umri wa kustaafu, nikarudisha kofia, na Mama Hoa akaikataa. Iko nyumbani kwangu, juu ya kabati. Mjukuu, si ya Kichina.

Kwa hiyo mkiwa kwenye treni ya njia nyekundu, mnasengenyana kwa Kiswahili kuhusu mama mzee wa Kiswidi aliyekaa mbele yenu, mkidhani hakuna anayewaelewa, mimi sitasema kitu. Nitaendelea kusoma gazeti langu.

Göran alikuja kila mwaka siku ya kwanza ya kuvua. Majini hakuingia tena. Alisimama nyuma ya watalii, mkono mmoja umeshika kofia kifuani kama wao, na mkono wa pili ameuweka kiunoni, kwa tahadhari.